Pigo Likikufika: Mwongozo Kamili wa Kushika Sehemu Yako

Naandika mwongozo huu kwa sababu wengi mnaniuliza jambo moja, namna ya kuwajibika pigo likikufika, na mnakwama palepale kila mara. Mtu amepatwa: kazi imekatika, mkopo umemlemea, ndoa imeyumba, mtoto amegoma shule. Wazee wanamwambia, "Wajibika, mwanangu," naye anakubali kwa moyo safi. Wiki mbili baadaye amefika mojawapo ya pande mbili. Ama amejibebesha kila kitu mpaka hata kuamka ni kazi, ama yuko barazani anaeleza kwa mara ya ishirini ni nani aliyemharibia.

Mimi nilikaa upande wa pili miezi miwili mizima. Ilikuwa kusi, msimu wa upepo mkali wa kusini, mashine ya mashua yangu ikakwama ndani ya mlango wa bahari wa Mkanda tukiwa na abiria saba. Nilimlaumu fundi kuanzia gatini Mokowe hadi Shela. Nilikuwa na haki ya kumlaumu, tutaona huko mbele. Lakini muda ule wote mkopo wa mashine ulikuwa unazaa riba, na mashua ilikuwa juu ya mchanga ikikauka mbao.

Hatua zilizo hapa chini ndizo zilizonitoa, na ndizo nilizowapitisha watu kadhaa hapa Amu, yaani Lamu. Zifuate kwa mpangilio wake. Wengi wanaoshindwa hurukia ya tano kabla ya kuifanya ya kwanza.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari na kalamu. Usitumie simu. Ukiwa kwenye simu utaandika mistari miwili, ujumbe uingie, na umeshapotea.
- Karatasi za ukweli: mkataba, risiti, taarifa ya M-Pesa, barua ya kuachishwa kazi, chochote kinachoonyesha tarehe na kiasi.
- Nusu saa ya kimya kwa siku nne. Mimi hutumia baada ya alfajiri, kabla punda hawajaanza kupita na mchanga na matofali.
- Mtu mmoja aliye na ruhusa ya kukukosoa. Asiwe anayekudai, wala asiwe yule anayekubaliana nawe kila neno. Shangazi mwenye ulimi mkali anafaa kuliko rafiki kumi wapole.

Mahali pa kufanyia kazi hii pasiwe barazani. Baraza nalipenda, nimelelewa hapo. Lakini mtu akikaa hapo na donda bichi, kila apitaye atampa pole na kuongeza kisa chake, na jua likizama donda limekuwa kubwa kuliko asubuhi.

## Hatua ya 1: Fua maji kwanza

Nilipokuwa na miaka kumi hivi, ami yangu alinichukua kwenye dau lake kwenda kutega upande wa Manda. Tukiwa mbali na ufuo maji yakaanza kuingia. Nikasimama nikipiga kelele: nani aliyelitia dau majini bila kulikagua? Ami hakunijibu swali langu. Alinirushia dumu lililokatwa, ndilo lililokuwa upo wetu wa kutolea maji, akasema maneno matatu ya Kiamu: "Fua mai kwanda!" Yaani, toa maji chomboni kwanza. Aliyeacha tundu tulimjua jioni, tulipofika pwani. Tungeanza na yeye, tusingefika.

Katika pigo lolote, maji ya kwanza kufuliwa yamo mwilini. Habari mbaya ikiingia, mwili unajiandaa kupigana au kukimbia: moyo unaenda mbio, pumzi inakuwa fupi, mikono inatetemeka. Katika hali hiyo akili inaona adui tu, haioni njia. Ndiyo maana maamuzi ya saa ya kwanza hujutiwa sana.

Fanya hivi. Ikiwa umesimama, kaa. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe taratibu kwa hesabu ya sita au nane, mara kumi. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta kunaupunguza mwendo wa moyo. Kisha nawa uso kwa maji baridi, au tawadha kama wewe ni Mwislamu. Wazee wetu walijua faida yake kwenye hasira zamani sana. Ikiwezekana lala usiku mmoja.

Onyo. Katika usiku huo wa kwanza usitume ujumbe wa sauti kwa mtu yeyote anayehusika. Usiuze kitu. Usitie sahihi. Usitamke talaka. Isipokuwa jambo lenyewe likiwa linaendelea kutokea: pesa zinaibwa kwenye simu, mtu ameumia, nyumba inaungua. Hapo piga simu mara moja, kupumua kutafuata.

Utajua imekaa sawa utakapoweza kumweleza mtu jambo lako kwa sentensi tano bila sauti kupanda.

## Hatua ya 2: Andika kilichotokea, hicho tu

Fungua daftari. Andika tukio kama karani wa mahakama angeliandika: siku, mahali, nani alifanya nini, kiasi gani. Daftari langu la wakati ule lina sentensi mbili kwenye ukurasa mmoja. Ya kwanza, niliyoifuta kwa mstari: "Fundi amenimaliza." Ya pili, niliyoiandika chini yake: "Jumanne saa nne asubuhi mashine ilipata joto ikakwama katika Mkanda. Kuitengeneza ni shilingi 62,000. Awamu ya mkopo ni 9,500 kila tarehe 5."

Ya kwanza ilikuwa maumivu yangu, na yalikuwa ya kweli. Ila hakuna cha kufanya juu yake. Ya pili ina tarehe 5 ndani yake, na tarehe 5 naweza kuifanyia kitu.

Maumivu nayo yana ukurasa wake. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walichapisha utafiti ambamo wanafunzi waliandika kuhusu mambo yaliyowaumiza, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Mwanzoni walijisikia vibaya zaidi. Miezi iliyofuata, walioandika tukio pamoja na hisia zake walikwenda kliniki mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Kwa hiyo ukiandika ukalia siku ya kwanza, kazi inaendelea vizuri. Weka maumivu ukurasa wa kushoto, tukio ukurasa wa kulia, usiyachanganye.

Onyo. Maneno "kila siku", "hakuna hata mmoja" na "wote" yakitokea ukurasa wa kulia, yafute. Tafuta idadi halisi. Mara nyingi "kila siku" huwa mara tatu.

## Hatua ya 3: Gawa mafungu matatu

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo mnapokwamia. Chukua muda wako.

Chora mistari miwili upate safu tatu. Ya kwanza: *si la mtu yeyote*. Ya pili: *la wengine*. Ya tatu: *langu*. Kisha chukua kila jambo la ukurasa wa kulia ulipeleke safu yake.

Yangu yalikaa hivi. Si la mtu: kusi ilikuwa kali na wageni walikuwa haba, kama ilivyo kila mwaka Mei na Juni, hoteli nyingi za Shela zinapofunga milango. La wengine: fundi alilipwa abadilishe impela, ile ya mpira inayosukuma maji ya kupozea mashine, naye akairudisha ya zamani. Safu ya tatu ilinichukua siku mbili. Mashine ya nje ikiwa nzima hutema uzi wa maji ubavuni. Uzi ule ulikuwa umedhoofika tangu Jumapili. Niliuona. Jumatatu niliuona tena, mwembamba kama wa bomba linalokauka, na Jumanne nikapakia abiria kwa sababu nilihitaji nauli. Hilo sikuwahi kumwambia mtu barazani.

Kuliandika hakukumwondolea fundi kosa lake, lilibaki safu ya pili kwa ukubwa uleule. Watu wengi huogopa kuijaza safu ya tatu wakidhani wanamsamehe aliyewakosea. Kila safu ina hesabu yake. Ya fundi ilikuwa kurudisha pesa za impela. Yangu ilikuwa abiria saba niliowapeleka baharini nikijua.

Wapo wanaokosea kwa upande mwingine. Mpwa wangu aliachishwa kazi hotelini msimu ulipokufa. Nilipomwomba anionyeshe safu zake, ya kwanza na ya pili zilikuwa tupu, ya tatu ina mistari kumi na mmoja, mmojawapo ukiwa "nina mkosi". Nikamuuliza, "Hoteli ilifungwa na nani?" Akasema, "Na mwenyewe, ami, hakuna wageni." "Wangapi walitolewa?" "Sote." Tulihamisha mistari minane. Mitatu iliyobaki ilikuwa yake kweli: hakuweka akiba wakati wa kaskazi, msimu wa wageni, hakuomba barua ya sifa, na wiki tatu amejifungia chumbani.

Pima kila mstari wa safu ya tatu kwa swali hili: *kwa nilichokuwa nikikijua siku ile, ningeweza kufanya tofauti?* Kama jibu ni hapana, si wako, uhamishe. Ukijihukumu kwa ulichokijua baadaye, unajidhulumu.

Na tafadhali mlishike hili: safu ya pili ikiwa nzito, jibu la kuwajibika laweza kuwa kudai haki. Uchimbaji wa bandari mpya ya Lamu ulipoharibu maeneo ya kuvulia, wavuvi hawakuwa na mstari hata mmoja katika safu ya tatu kuhusu uharibifu ule. Sehemu yao ilikuwa namna ya kujibu. Kesi ilifunguliwa mwaka 2012, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Njia ikawa ndefu hata baada ya hapo. Lakini anayewaambia watu kwamba kuwajibika ni kunyamaza na kuvumilia, hajui anachofundisha.

Onyo kubwa. Ikiwa unapigwa nyumbani, unanyanyaswa kimwili, au mtoto anaumizwa, usifanye zoezi hili. Kosa la anayepiga halina safu ya tatu. Hatua yako ni usalama: nchini Kenya namba 1195 ni ya dhuluma za kijinsia na 116 ni ya watoto, zote hazina malipo.

Utajua imekaa sawa ikiwa hakuna safu iliyo tupu bila sababu, na yule mkosoaji wako akisoma anatikisa kichwa kukubali. Akikuuliza, "Na lile la Jumatatu mbona hulitaji?" rudi daftarini.

## Hatua ya 4: Tafuta tundu

Maji yamepungua, sasa angalia yanapoingilia. Kumbuka mapigo matatu ya nyuma, hata madogo. Kwa kila moja andika ulichofanya siku mbili za kwanza. Utaona umefanya jambo lilelile.

Huku kwetu nimeyaona hasa matundu manne. Kuna wa kununa: anafunga mlango, simu anazima, watu wahangaike. Kuna wa kulaumu, kama mimi. Kuna anayekimbilia mirungi, saa zipite bila kuhesabika. Na kuna anayesema "nimemwachia Mungu" kisha akalala, ilhali sote tumefundishwa tangu chuo cha Kurani kwamba ngamia hufungwa kwanza ndipo mtu atawakali. Tawakali ya kweli ina kamba mkononi.

Usijishambulie kwa tundu lako. Lilikuwa na faida zamani. Mtoto aliyenuna pengine aliepuka kiboko. Uliza tu sasa linakugharimu nini, kwa shilingi au kwa siku. Langu liligharimu awamu mbili, shilingi 19,000, na riba juu.

Utajua imekaa sawa ukiweza kusema, "Nikipatwa, mimi hufanya hivi," bila kuongeza "lakini".

## Hatua ya 5: Tia kalafati

Fundi wa vyombo vya baharini kijijini Matondoni haanzi kwa kuapa kwamba maji hayataingia tena. Anachukua pamba iliyolowekwa mafuta, anaishindilia katika ufa kwa patasi na nyundo, unyuzi kwa unyuzi, anakwenda ufa unaofuata. Nadhiri za "nimebadilika" hazizibi kitu. Kinachoziba ni tendo dogo lenye saa na mahali.

Liandike kwa umbo la ikiwa… basi… Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer amelichunguza umbo hili kwa miaka mingi na kuandika juu yake mwaka 1999: mtu aliyeamua kabla ni lini na wapi atatenda, hutenda mara nyingi kuliko aliyebaki na nia nzuri tu. Sababu ni kwamba wakati ukifika hahitaji kuamua upya. Alishaamua akiwa ametulia.

Mifano kutoka daftari langu na la mpwa wangu:

- Ikiwa uzi wa maji ya mashine umepungua, basi sipakii, hata gati ikiwa imejaa watu.
- Ikiwa mtu ataniuliza habari ya fundi, basi nitasema "tunalimaliza" na kubadilisha maneno.
- Ikiwa imefika saa mbili asubuhi, basi nitakuwa nimevaa na kutoka nje, hata kama sina pa kwenda.
- Ikiwa nimepokea mshahara wa kaskazi, basi siku hiyohiyo elfu mbili inaingia kwenye chama cha akiba kabla sijafika nyumbani.

Andika mbili au tatu tu. Ukiandika kumi hutafanya hata moja.

Tendo gumu kuliko yote, na linalolipa kuliko yote, ni kumpigia unayedaiwa naye *kabla* ya tarehe. Watu huzima simu wakidhani wanajificha, kumbe wanajifungia mlango wa kuongezewa muda. Sema hivi, soma kwenye karatasi ukitetemeka:

"Salaam aleikum. Awamu ya tarehe 5 sitaiweza yote. Tarehe 5 nitaleta 3,000, na tarehe 20 nitaleta 6,500. Naomba tukubaliane hivyo na tuandikishane."

Basi. Usieleze kusi, usimtaje fundi, usilie. Mkopeshaji hahitaji kisa, anahitaji tarehe. Nilipopiga mimi, baada ya miezi miwili ya kukimbia, mazungumzo yalikwisha upesi mno nikabaki nimeishika simu sikioni.

Onyo. Usitaje kiasi usicho na uhakika nacho. Ahadi ya pili ikivunjika ni nzito kuliko ya kwanza. Na usikope kwa mwingine ili kulipa huyu.

## Hatua ya 6: Waendee wahusika

Una safari mbili, ya kuomba radhi na ya kudai. Anza na ya kuomba radhi, kwa sababu ukidai kabla hujalipa, ulimi unakuwa mkali.

Radhi ina vipande vitatu: nilichofanya, kilichokuathiri, nitakachofanya sasa. Niliwatafuta abiria watano kati ya saba. "Niliona mashine ina kasoro nikawapakia. Nyinyi mlikaa saa tatu majini na watoto. Nauli yenu hii hapa." Mama mmoja aliikataa nauli, akaniambia maneno makali, nikayasikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na haki nayo. Ukitia "lakini" ndani ya radhi, umeivunja. Afadhali ungekaa kwako.

Kwa fundi nilikwenda na risiti na impela kuukuu mfukoni, tena na mzee wa mtaa. Nilimwamkia, tukanywa kahawa, nikaweka vitu mezani. Nilimwambia sehemu yangu kwanza. Alirudisha pesa za impela na kazi yake, kwa awamu tatu. Gharama nyingine nilibeba mwenyewe. Asipokubali mtu, nenda kwa mzee wa mtaa tena, kwa kadhi ikiwa ni jambo la ndoa au mirathi baina ya Waislamu, au mahakamani. Kwenda mahakamani si ugomvi ikiwa umekwenda na ukweli wako wote.

## Hatua ya 7: Rudi daftarini

Baada ya siku saba, soma zile "ikiwa… basi…" na uweke alama ulizotenda. Usiyoitenda ipunguze: badala ya kutoka saa mbili, toka saa tatu. Baada ya siku thelathini fanya tena. Inachukua dakika kumi.

## Wanapokwama wengi

"Nimefanya yote na hali ni ileile." Pengine ndivyo. Pima ulichofanya wewe, kwa kuwa hali ina safu mbili nyingine zisizo mkononi mwako. Mpwa wangu alikaa hadi Agosti bila kazi, ila hizo wiki alikuwa akiamka, akifua nyavu kwa ujira, na barua ya sifa ameipata.

"Nikikubali kosa langu watanitumia." Wengine watafanya hivyo. Ndiyo maana safu ya tatu huonyeshwa mkosoaji wako na wahusika tu. Si ya kutangazwa mtaani.

"Sina nguvu hata ya kufungua daftari." Ikiwa wiki mbili zimepita hulali, huli, huoni ladha ya kitu, au unawaza kujidhuru, huo si uvivu wala upungufu wa imani. Ni ugonjwa na una matibabu. Mwambie mtu wa nyumbani leo hii, akupeleke hospitali. Hapa Amu tunayo King Fahd. Kumwambia ndiyo hatua yako, na inatosha kwa leo. Daftari litakungoja.

"Nimerudia kosa lilelile." Fungua ukurasa mpya, andika tarehe, anza hatua ya kwanza. Langu lina kurasa tano zenye neno fundi juu yake, na ya mwisho ina mistari minne tu.